Rangi Iliyofichwa na Kijani: Historia ya Karotini katika Mboga za Masasi na Newala

Beta-karotini ni rangi ya njano inayokaribia chungwa. Hutengenezwa na mimea, na ikishaliwa mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karoti ndiyo iliyoipa jina, na nyama ya boga lililokomaa ndiyo inayoionyesha waziwazi. Imo pia katika embe bivu na papai, na kwa wingi mkubwa imo katika majani ya kijani, ambako haionekani kwa sababu klorofili huifunika. Jani la muhogo linapozeeka na kuwa njano kabla ya kudondoka, njano hiyo haikuzaliwa siku hiyo. Rangi za jamii ya karotini zilikuwamo tangu jani likiwa changa, ila kijani kimeondoka na kuziacha peupe. Katika Masasi na Newala, kusini kabisa mwa Tanzania, historia ya lishe hii imo zaidi katika majani kuliko katika karoti, na imefungamana na vitu viwili ambavyo vitabu vya lishe huvitaja kwa kupita tu: maji na mafuta.

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa nyanda za juu za Makonde, pale ardhi inapokatika ghafla na kuteremka kuelekea bonde la Ruvuma. Ukingo huo unajulikana kama Shimo la Mungu. Juu huko udongo ni kichanga; mvua ikinyesha huzama, wala hakuna mto unaobaki. Masasi iko upande wa magharibi, chini ya nyanda hizo, katika uwanda wenye vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja. Kote kuwili mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kisha hufuata nusu mwaka ya ukavu. Kuanzia Januari shamba hujaa majani ya kunde, ya maboga na mlenda. Kufika Agosti majani hayo yamekwisha, na mboga mbichi iliyosimama shambani karibu ni kisamvu peke yake.

Mazao yenyewe hayakufika siku moja. Mtama, kunde na njugumawe ni ya Afrika tangu kale. Mahindi, muhogo, viazi vitamu, papai, mkorosho na boga la nyama ya chungwa asili yao ni Amerika, na yaliingia Afrika Mashariki baada ya merikebu za Wareno kuanza kupita pwani hii mwaka 1498. Mwembe ulitoka Asia kwa njia ya bahari. Karoti ya rangi ya chungwa ndiyo mgeni wa mwisho. Ilikuzwa Ulaya katika karne ya 16 na 17, inapenda ubaridi, na hata leo huko Newala ni bidhaa ya kununuliwa sokoni, si zao la uani. Itakuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba kabla ya boga na papai watu hawakuwa na chanzo cha karotini. Majani ya kunde yalikuwapo, mlenda ulikuwapo, na majani ya porini yalichumwa kila mvua zilipoanza.

Katika karne ya 19 nyanda za Makonde zilikuwa kimbilio. Misafara ya watumwa ilitoka upande wa Ziwa Nyasa kuelekea Kilwa, Lindi na Mikindani, na vikosi vya Wangoni vilivamia uwandani. Vichaka vizito vya juu viliwaficha watu, na bei ya usalama huo ilikuwa maji: wanawake waliteremka ukingo na kupanda tena na mitungi kichwani, safari iliyokula sehemu kubwa ya siku. Wamisionari wa Universities' Mission to Central Africa walifika Masasi mwaka 1876, wakiongozwa na Askofu Edward Steere, yule aliyeandika vitabu vya mwanzo vya sarufi ya Kiswahili. Alikuja na watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makazi na mashamba. Mwaka 1882 Wangoni walikishambulia kijiji hicho, na sehemu ya kazi ya misheni ikahamia Newala kwa Chifu Matola pamoja na Padri Chauncy Maples. Mwanaetnolojia Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Masasi na Newala mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya Vita vya Maji Maji kuwaka, alizikuta nyanda hizo bado zikiishi kwa maji ya kubebwa kutoka mbali.

Katika mazingira hayo muhogo ulishika nafasi ya kwanza. Hustahimili kichanga, husubiri ardhini hadi utakapohitajika, na hakuna mvamizi awezaye kuuchoma kama anavyochoma ghala la mtama. Mzizi wake, hata hivyo, ni mweupe, na karibu hauna karotini kabisa. Hata ukikatwa, kuanikwa na kuwa makopa, kisha ukasagwa kuwa unga wa ugali, unaongeza nguvu tu, si vitamini. Ming'oko, viazi vya porini ambavyo watu wa kusini huvichimba na kuvipenda sana, navyo ni vyeupe ndani. Ugali, makopa na ming'oko vikikaa sinia moja, karotini yote ya mlo hubaki juu ya mboga. Jani la muhogo uleule ndilo lililokuwa likiziba pengo la mzizi wake.

Namna kisamvu kinavyopikwa inastahili kutazamwa kwa karibu. Huchumwa majani machanga ya kileleni. Hutwangwa kinuni hadi yawe laini na kutoa maji ya kijani kizito, kisha huchemshwa kwa muda mrefu ili sumu ya sianidi, ambayo majani ya muhogo huwa nayo, iondoke pamoja na mvuke na maji. Pembeni karanga hukaangwa kidogo, hupepetwa maganda na kutwangwa. Unga wake hukorogwa na maji, humiminwa chunguni, na moto hupunguzwa. Baada ya muda utandu wa mafuta hutokeza juu ukiwa na wekundu wa mbali. Huko ndiko kuunga mboga, na wekundu ule ni karotini iliyohama kutoka katika jani na kuyeyuka katika mafuta ya karanga.

Kila hatua ya upishi huo ina maana kwa mwili. Karotini imefungiwa ndani ya chembe za jani, na kinu huzipasua. Moto hulainisha kuta zilizobaki. Mafuta ndiyo chombo cha kuivusha, kwa kuwa karotini haiyeyuki katika maji, na bila mafuta kiasi kikubwa hupita tumboni na kutoka kama kilivyoingia. Ikifika katika kuta za utumbo mdogo, kimeng'enya huikata katikati na kuzalisha vitamini A, ambayo husafirishwa na kuhifadhiwa katika ini. Mtu mzima aliyekula vizuri anaweza kuishi miezi kadhaa kwa akiba hiyo. Ini lilifanya kazi ya kihenge: lilijazwa Februari na kutumiwa Septemba. Mtoto mdogo akiba yake ni ndogo. Mtoto anyonyaye hutegemea akiba ya mama, ambayo nayo hupungua ukavu unavyorefuka.

Sayansi ilichukua karibu miaka mia moja kuelewa jambo hili. Mwaka 1831 mkemia Mjerumani Heinrich Wackenroder aliitoa rangi ya karoti na kuipa jina. Mwaka 1907 Richard Willstätter alibainisha kwamba kila molekuli yake ina kaboni 40 na hidrojeni 56. Mwaka 1913 Elmer McCollum na Marguerite Davis, huko Wisconsin, waliona kwamba panya hawakui bila kitu fulani kilichomo katika siagi na kiini cha yai, na kitu hicho baadaye kikaitwa vitamini A. Harry Steenbock akagundua mwaka 1919 kwamba mahindi ya njano yaliwakuza panya, meupe hayakuwakuza. Lakini ini la mnyama, ambalo halina njano hiyo, nalo liliwakuza. Kitendawili hicho kilitatuliwa na Thomas Moore huko Cambridge mwaka 1930: panya waliolishwa karotini walikutwa na vitamini A katika maini yao. Rangi ilikuwa ni mali ghafi, na mwili wa mnyama ulikuwa kiwanda.

Vipimo vya leo vinasaidia kuona chungu cha kusini kina nini. Gramu 100 za karoti mbichi, au za kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, zina beta-karotini zaidi ya mikrogramu 8,000. Boga lina kama 3,100 na embe bivu kama 640. Kutoka katika chakula, mikrogramu 12 za beta-karotini huhesabiwa kuwa sawa na mikrogramu moja ya vitamini A iliyo tayari. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji mikrogramu 300 za vitamini A kwa siku, yaani beta-karotini 3,600 hivi: vipande vitatu au vinne vya boga vyatosha. Mama anyonyeshaye anahitaji mara nne na zaidi ya kiasi cha mtoto huyo. Embe linaonekana dogo katika hesabu hii, lakini huiva Novemba na Desemba, wakati majani ya mvua mpya hayajaota, na watoto wa Masasi hawali embe moja kwa siku.

Mmea wa boga ulitumika wote. Majani yake, yanayoitwa msusa, yalimenywa nyuzi na kupikwa. Maua ya njano yaliongezwa chunguni. Mbegu zilikaushwa na kutwangwa kama karanga, zikitoa mafuta yaliyohitajika na majani yaleyale. Boga lililokomaa hadi ganda likawa gumu liliweza kuwekwa miezi kadhaa ndani ya nyumba, na hivyo kuvusha rangi ya masika hadi katikati ya kiangazi. Hakuna zao jingine la kusini lililokamilika namna hiyo: jani, ua, nyama na mafuta kwa mmea mmoja. Wataalamu wa lishe wamelipa nafasi ndogo kuliko linavyostahili.

Mafuta ndiyo yaliyogeuza mambo katika karne ya 20. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, jirani kabisa na Masasi. Sababu ilikuwa upungufu wa mafuta ya kula Uingereza baada ya vita. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ilikusudiwa kutengenezea majarini, na majarini ya Uingereza ilikuwa imelazimishwa kisheria tangu 1940 kutiwa vitamini A. Hivyo karanga za kusini mwa Tanganyika, zao ambalo wanawake wa Masasi walilitumia kuunga kisamvu, zilitafutwa kwa mashine na reli kwa ajili ya meza za ng'ambo. Mpango ulikwama mwaka 1951 baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Ukabaki mji wa Nachingwea, bandari ya Mtwara, na reli iliyong'olewa baadaye.

Mkorosho ulifaulu pale mpango wa karanga uliposhindwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wa Newala na Masasi waliupanda kwa juhudi zao wenyewe, na kufikia msimu wa 1973/74 Tanzania iliuza korosho tani 145,000 hivi, nyingi zikitoka kusini. Kokwa ya korosho ina mafuta zaidi ya sehemu mbili kwa tano za uzito wake, na ufuta, ambao nao umekuwa zao kubwa la biashara, una karibu nusu. Vyote huenda mnadani kupitia vyama vikuu vya ushirika kama MAMCU na TANECU. Fedha huleta bati, ada na baiskeli, na hilo si dogo. Lakini nyumba iliyouza mafuta yake yote Oktoba hupika mboga ya chukuchuku Machi, na mtoto hushiba majani ambayo sehemu kubwa ya faida yake haikuvuka utumbo. Kinachotakiwa si kingi: kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa mlo kinabadilisha hali hiyo.

Miaka ya 1970 ilileta mabadiliko mengine. Uhamiaji vijijini uliwakusanya watu pamoja kwa ajili ya shule, zahanati na maji ya bomba, ambayo nyanda za Makonde zilikuwa zimeanza kuyapata tangu mradi wa maji wa miaka ya 1950. Mashamba ya zamani yalibaki mbali. Korosho zilianguka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Miembe nayo iliachwa katika mahame, ikiendelea kuzaa kwa ajili ya nyani na wapita njia, na mpaka leo kundi la miembe mikubwa porini ni alama kwamba hapo palikuwa na kijiji. Katikati ya miaka ya 1970 ukame ulileta nchini mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani. Watu waliyaita unga wa Yanga, kwa rangi ya klabu ya soka ya Dar es Salaam, wakayala kwa shida na kuyasahau kwa furaha. Karotini yake ilikuwa kidogo, maana njano ya mahindi kwa sehemu kubwa ni rangi nyingine za jamii hiyo zisizogeuka kuwa vitamini A. Lakini tukio hilo lilionyesha jinsi rangi ya chakula inavyobeba heshima na aibu: njano katika mboga ilipendwa, njano katika ugali ilikuwa njaa.

Upungufu wa vitamini A huanza kimya. Mtoto hujikwaa jioni, hashiki kijiko kilichowekwa mbele yake giza linapoingia. Baadaye weupe wa jicho hukauka, hutokea madoa kama povu kavu, na mwishowe kioo cha jicho hulainika na kutoboka. Surua huharakisha yote hayo, kwa kuwa humaliza akiba ya mwili katika siku chache. Mtoto aliyeingia katika surua na ini tupu aliweza kutoka kipofu au asitoke kabisa. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa mwaka 1973, na mpango wa taifa wa chanjo ukaanza 1975. Mwaka huohuo Wizara ya Afya ilipata waziri aliyeijua kusini vizuri, Leader Stirling, daktari Mwingereza aliyeanza kazi 1935 upande wa Masasi na kujenga hospitali ya udongo na mianzi huko Lulindi.

Ushahidi mzito wa Tanzania ulitoka Mvumi, mkoani Dodoma. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili, moja likapewa vitamini A nyingi kwa siku mbili, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987. Katika kundi lililopewa walikufa 6 kati ya 88, na katika jingine 12 kati ya 92, tofauti ikiwa kubwa zaidi kwa wasiotimiza miaka miwili. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalishauri vitamini A itolewe kwa wagonjwa wa surua kwenye maeneo yenye upungufu. Baadaye matone yakawa ya kawaida kwa watoto wote, mara mbili kwa mwaka: uniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Hata hivyo, vipimo vya damu katika utafiti wa taifa wa 2010 vilionyesha kwamba theluthi moja ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa bado na upungufu.

Karotini ya chakula ina usalama ambao vidonge havina. Vitamini A iliyo tayari ikizidi hudhuru ini, na kwa mjamzito hudhuru mimba. Mwili ukishiba hupunguza kuigeuza karotini, na anayekula boga na karoti kupita kiasi huishia kuwa na viganja vya njano visivyo na madhara. Beta-karotini ya vidonge ni habari nyingine. Huko Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 walifuatiliwa kwa miaka, na matokeo ya 1994 yalionyesha kwamba waliopewa miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Jaribio la Marekani la 1996 lilisimamishwa mapema kwa sababu kama hiyo. Hakuna kilichowahi kuonyesha hatari hiyo kwa mla mboga.

Swali la kiangazi, la kupata karotini shamba likiwa kavu, limebaki lilelile, na majibu yake mawili yanafanyiwa kazi. La kwanza ni la kale: kukausha. Majani ya kunde huchemshwa kidogo, huanikwa na kuwekwa. Jua kali huharibu karotini, na Generose Mulokozi wa Taasisi ya Chakula na Lishe pamoja na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba majani yaliyokaushwa ndani ya kaushio la jua lililofunikwa hubaki na karotini nyingi kuliko yaliyoanikwa wazi. Kazi yao nyingine ilihusu majani ya muhogo, na ilithibitisha kwa vipimo kile ambacho kinu na karanga vilikuwa vimekisema siku zote: mafuta huongeza sana karotini inayoweza kufyonzwa.

La pili ni viazi lishe, viazi vitamu vya nyama ya chungwa. Ng'ambo ya Ruvuma, katika mkoa wa Zambezia nchini Msumbiji, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watoto wa kaya zilizopewa mbegu na mafunzo, waliokuwa na vitamini A pungufu katika damu, walishuka kutoka asilimia 60 hadi 38. Maria Andrade, aliyefanya kazi ya viazi hivyo Msumbiji, na Robert Mwanga wa Uganda walikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani ya 2016. Mbegu ya kiazi ni mche wake, na mche hufa kiangazi pasipo na bonde la kuutunza. Juu ya nyanda za Makonde mabonde yako mbali na maji hununuliwa kwa ndoo. Njia inayofaa mahali pa namna hiyo ni kuhifadhi viazi vyenyewe badala ya mche. Viazi vidogo visivyo na jeraha hupangwa katika beseni, tabaka la viazi na tabaka la mchanga mkavu, na kuwekwa kivulini ndani ya nyumba miezi yote ya ukavu. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua vilivyochipua hutolewa na kuzikwa katika kitalu kidogo karibu na nyumba, vikamwagiwa maji machache, na Desemba miche huwa tayari kukatwa.